Bibi Alipohamia Kibanda cha Nakunda

Kama umeambiwa hivi karibuni kwamba una ukoma, na sasa umekaa peke yako ukiitazama mikono yako kana kwamba ni ya mtu mwingine, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si tabibu. Sijui ugonjwa huu hutoka wapi, wala kwa nini ulinichagua mimi katika nyumba iliyojaa watoto. Ninachojua ni jinsi nilivyoupitia, na mtu aliyenishika mkono. Mengine nitakayoyasema utayaona ya ajabu. Nayaacha yalivyokuwa. Nilipokuwa mgonjwa watu wengi walinificha ukweli kwa kunionea huruma, na huruma hiyo haikunisaidia kitu.

Kwetu ni Upare wa kusini, juu kabisa, mahali ambapo migomba na kahawa vinaishia na msitu wa Shengena unaanza. Miezi ya kipupwe ukungu hushuka kutoka msituni hata mchana, ukakaa juu ya mashamba mpaka jioni. Mtu anayekuja njiani unamsikia kabla hujamwona. Nimezaliwa humo, na kabla ya kuugua sikuwahi kuuogopa.

Ugonjwa ulianza na baka mgongoni, jeupe kidogo kuliko ngozi yangu. Mama alilipaka mafuta ya nyonyo. Halikuwasha wala kuuma, na mimi nilikuwa msichana aliyekwisha kuchumbiwa, nina mambo mengine ya kuwaza. Nikalisahau.

Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu. Nilikwenda mferejini kuchota maji, nikarudi, nikakaa jikoni kidogo kuota moto, halafu nikatoka kwa njia ya juu ya shamba kwenda kuokota kuni. Wakati wa kurudi nikapita njia ya mferejini. Hapo nikaona tone la damu juu ya jani la gimbi. Mbele kidogo nikaona jingine. Halafu, kwenye mawe ya kuvukia, nikaona unyayo mzima, wa kushoto, umechorwa kwa damu. Wa kulia haukuwapo. Ukaja mwingine wa kushoto, na mwingine tena.

Nikaita, "Nani ameumia?"

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sauti yangu ilinirudia usoni. Hakuna aliyeitika. Nilidhani mtu amejikata kwa panga na anajikokota kutafuta msaada, kwa hiyo nikazifuata zile nyayo. Zilipanda njia yetu. Zilipita kwenye mgomba wetu. Ziliingia mlangoni kwetu, zikavuka sakafu ya jikoni, zikaishia kwenye kigoda nilichokuwa nimekikalia asubuhi.

Bibi yangu alikuwa hapo, kopo la ugoro mkononi. Alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi.

"Nambua, inua mguu."

Nikainua. Kijiti kikavu kilikuwa kimezama unyayoni, kimevunjikia ndani, na damu imegandia juu yake.

"Huumwi?"

"Siumwi."

Alipaminya kwa kidole gumba, kwa nguvu. "Na sasa?"

"Siumwi, Bibi."

Akafunga kopo lake bila kunusa, akaliweka chini. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ngoja niseme alikuwa nani. Jina lake Nakiete, mama wa baba yangu. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mwendo wa haraka, na sauti iliyovuka bonde. Kanisani aliimba nyimbo zote kwa nguvu na kwa tuni yake mwenyewe, na mchungaji alipomwomba apunguze alimwambia kwamba Mungu hajalalamika bado. Waliposema ugoro ni dhambi alihamia kiti cha nyuma, akaendelea kunusa. Wakati watu walipoikataa ile kodi ya Mwingereza tuliyoiita mbiru, na wanawake nao wakaandamana, alikuwa mstari wa mbele, na nasikia alimwimbia bwana mkubwa wimbo ambao mkalimani alikataa kuutafsiri. Alikuwa mjane, na alikuwa amewazika watoto watatu. Akicheka, alikushika bega asianguke.

Baba alinipeleka Same, tukakaa kutwa nzima kwenye benchi la hospitali. Tabibu alinifumba macho kwa kitambaa na kunigusa kwa unyoya hapa na pale, akiniuliza anagusa wapi. Nilikuwa nikingoja aanze, kumbe alikwisha kumaliza.

Tuliporudi, Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliita kikao cha ukoo uani kwetu. Mama alikaa mbali, amejifunika kanga usoni. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hodari wa kusali mbele za watu, alitazama chini.

"Atajengewa mahali pake," akasema Baba Mkubwa. "Kule chini ya msitu, ng'ambo ya mfereji. Atapelekewa chakula. Hatumtupi. Lakini hapa kuna watoto."

"Kule wapi?" akauliza Bibi.

"Kule, Mama. Unapajua."

"Sema jina lake."

Baba Mkubwa akajikuna shingo. "Kwa Nakunda."

Bibi akasimama. "Nimewazaa ninyi wawili," akasema, "na leo natamani ningezaa kuku. Haya, jengeni. Lakini jengeni nyumba ya vitanda viwili."

Baba akainua kichwa. "Mama, huwezi kwenda kule."

"Nani atanizuia, Eliya? Wewe? Hata mbuzi wako hawakutii."

Ndivyo tulivyohamia. Vuli ilikuwa inaanza. Mchumba wangu hakuja kuniaga, na sikumngoja. Mama alisimama upande wake wa mfereji mpaka tulipopotea kwenye ukungu. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana kuweka chakula kwenye jiwe la kuvukia, akaita jina langu mara moja na kuondoka.

Nilijua jina la pale kama kila mtoto wa kwetu, bila kujua habari yake. Watu hawakulima pale wala kuchunga. Mbele ya kibanda palikuwa na jiwe bapa, limeota kuvu, na nyuma msitu ulianza ghafla kama ukuta. Bibi alinieleza siku ya kwanza, huku akitandika kitanda.

"Nakunda alikuwa dada yangu. Alishikwa na ugonjwa wako nami nikiwa mdogo. Walimleta hapa. Mimi ndiye niliyeleta chakula, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa mbio. Niliambiwa niweke juu ya lile jiwe, nirudi, nisigeuke. Kila siku akaniita. 'Nakiete, nitazame.' Sikugeuka. Kisha siku moja nikakuta chakula cha jana bado kipo. Na siku iliyofuata vilevile." Akanyoosha shuka kwa mikono miwili. "Hakuna aliyekwenda kumtazama. Mvua ilikula kibanda, na yeye akiwa ndani."

"Bibi, unaogopa kukaa hapa?"

"Naogopa sana," akasema. "Lete mto."

Siku hiyo hiyo alichukua bakuli, akapakua makande yetu, akaliweka kwenye jiwe. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye shambani, "Nakunda, njoo ule." Mzee wa kanisa angesikia tungepata kesi nyingine. Mimi nilidhani ni majonzi tu, na kwamba ngedere watafaidi.

Lakini ngedere hula wakitapanya. Mchana wa pili nilipokwenda kuchukua bakuli, mahindi yalikuwa yameliwa, na maharage yamesogezwa upande mmoja, yamekaa pamoja, safi. Nikamwonyesha Bibi kama jambo la kuchekesha. Alilichukua lile bakuli kwa mikono miwili.

"Nakunda alikuwa akiacha maharage," akasema.

Tangu hapo nilianza kusikiliza. Ukungu ukishuka mchana nilisikia mtu akitembea upande wa msitu, hatua moja nzito na nyingine ya kuburuta, akizunguka nyumba bila kukaribia. Nikisimama mlangoni, hatua nazo zilisimama. Bibi aliendelea kuchambua mboga. "Mwache," alisema, "anaona haya."

Siku moja ya mvua nyepesi nilitoka kuanua nguo, nikamwona Bibi amekaa kwenye jiwe, amenipa mgongo, anakula. Nikashangaa, kwa sababu hakupenda kula nje. Alikuwa ameshika bakuli mapajani, na alikuwa akiokota chakula kwa viganja viwili, amevibana pamoja kama mtu anayeteka maji, kisha anainama kukifuata. Nikasema, "Bibi, utalowa."

Bibi akaitika ndani ya nyumba. "Unasemaje?"

Niliganda. Yule aliyekaa pale hakugeuka. Ukungu ulipita kati yetu, na ulipofunguka palikuwa na jiwe, na bakuli juu yake linayumba.

Bibi alitoka mbio akasimama karibu nami. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi nilivyoona mtu akila. Akaketi palepale kizingitini, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akauliza, "Amenenepa?"

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayekula vile. Niliona mara ya kwanza wiki chache baadaye, zahanati ya misheni kule tambarare, upande wa Kihurio, tulikoanza kupelekwa kwa sindano. Wagonjwa wa ukoma tulikuwa na benchi letu nyuma ya jiko, mbali na wengine. Mama mmoja mzee asiye na vidole alipewa uji mzito na ndizi. Akabana viganja, akateka, akainama. Nilimshika Bibi mkono. Naye aliona, akanikandamiza vidole. Alikwenda akaketi karibu na yule mama, akamwamkia, "Habari za hapa, dada?" akamega ndizi kwenye sahani yake bila kuulizwa.

Zahanati ile nitakueleza, kwa sababu labda wewe pia utakaa kwenye benchi la namna hiyo. Tulishuka mlima alfajiri, tukafika jua limewaka, tukangoja. Sindano zilikuwa za mafuta mazito, na dresa, yule msaidizi wa tabibu, alizipiga kuzunguka kila baka, polepole, kwa sababu mafuta hayakutaka kuingia. Kwenye baka lenyewe sikuhisi kitu. Pembeni nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto, na nilianza kuyapenda maumivu hayo, kwa sababu yalinionyesha mpaka wangu ulipo. Nilijua naishia wapi. Bibi alikaa na wagonjwa akiwachekesha. Siku ya kwanza Sista alimwambia kuna benchi la wasindikizaji upande wa mbele. Bibi akamjibu, "Asante mwanangu, hili lina kivuli zaidi." Halikuwa na kivuli hata kidogo.

Masika yakapita, kiangazi, vuli, masika tena. Nyusi zangu zilikatika. Masikio yalivimba yakawa kama ya mtu mzee. Kidole kidogo cha kushoto kilianza kujikunja kuelekea kiganjani, na kila asubuhi nilikuta kimesogea. Nilijifunza kuutazama mwili wangu kama mchungaji anavyotazama mifugo: jioni nilikagua miguu, vidole, viwiko, kuona nini kimejeruhiwa bila kuniambia. Fanya hivyo nawe. Usiache hata siku moja. Bibi alinikagua sehemu nisizoziona, na kila alipomaliza alinipiga kofi mgongoni na kusema, "Upo wote."

Kisha vikaja vidonge vipya, vyeupe. Dresa alituambia vinashinda sindano. Hakutuambia kwamba mwili unaweza kuvipiga vita. Kipupwe kile nilivimba uso mpaka macho yakafunga, nikatokwa na vinundu vilivyouma, homa ikanishika. Nililala siku nyingi nikiwa sioni, nikisikia tu. Nilisikia Bibi akinikanda kwa kitambaa cha maji. Wakati mwingine kitambaa kilikuwa usoni na kingine miguuni, kwa wakati mmoja. Nilihesabu mikono kichwani mwangu, nikaacha.

"Bibi, uko na nani?"

"Lala," akasema Bibi kutoka upande wa kichwani.

Miguuni, mikono iliyonikanda haikuwa na vidole. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi muda mrefu, sikupaswa kuhisi chochote pale. Lakini nilihisi. Sijahisi kitu miguuni tangu siku hizo mpaka leo.

Homa ilipoondoka, uvimbe nao ukaondoka, na nilipofungua macho niliona kwamba Bibi amekwisha. Alikuwa amekonda, anakohoa, mabega yamemtoka. Nilimwambia arudi nyumbani kwa Baba akatunzwe. Akacheka, akanishika bega.

"Nikikuitikia, nipo," akasema. "Siku ukiniita nisiitike, usikae hapa kunililia. Nenda mferejini ukawaite."

Haikuchukua muda. Asubuhi moja, ukungu umejaa, nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Nikasikia Bibi anazungumza mbele. Alikuwa akizungumza haraka, kwa sauti nyembamba ya mtoto, kama anayesimulia habari za siku nyingi akiogopa kukatizwa. Sauti nyingine ilimjibu, ya kukwaruza, ile sauti inayowapata wagonjwa wa siku nyingi wa ugonjwa wetu, niliyokuwa nimeizoea kwenye benchi la zahanati. Sikupata maneno. Kisha wakacheka wote wawili. Bibi alicheka kile kicheko chake cha kumwangusha mtu, na pakawa kimya.

"Bibi?"

Nikaacha nguo majini, nikazunguka nyumba.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu imening'inia, mwili wake umegeukia msitu na uso umeinuka kidogo. Alikuwa bado na joto. Kando yake, pale ambapo jiwe zima lilikuwa limelowa umande, palikuwa na mahali pakavu, pa kutosha mtu mmoja kukaa.

Nilifanya alivyoniagiza. Nilikwenda mferejini nikaita. Watu walitoka, wakasimama ng'ambo. Mama alipiga yowe. Baba Mkubwa akaniuliza kwa mbali kama Bibi ana alama za ugonjwa, na nani atamshika.

Baba alimpita. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kando, akaingia majini badala ya kupita kwenye mawe, akavuka. Alikuja mpaka nilipo. Tangu vuli ile ya kwanza hakuwa amenikaribia. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanitazama uso usio na nyusi, akasema, "Nionyeshe mama yangu." Tulimbeba yeye na mimi. Alikuwa mwepesi. Baba alipoona jinsi alivyokaa ameelekea msituni, alitazama msitu, akatazama ile sehemu kavu ya jiwe, akaanza kusali kwa sauti ndogo, si sala ya mzee wa kanisa.

Alitaka tumzike nyumbani, kati ya migomba. Nikamwambia hapana. Nikamweleza habari za Nakunda, yote, maana hakuwahi kuambiwa isipokuwa jina. Akasikiliza mpaka mwisho. Tulimzika Bibi kando ya kibanda, na mchungaji alivuka mfereji, na watu wakaimba ng'ambo na huku, nusu ya wimbo ikipotea kwenye ukungu. Tangu siku ile sikusikia tena hatua. Niliweka bakuli kwenye jiwe siku kadhaa. Ngedere walitapanya kila kitu.

Nilimeza vidonge masika mengine mawili. Kila mara dresa alinikwangua sikio kwa wembe, akatafuta vijidudu vya ugonjwa kwenye hadubini yake, akatikisa kichwa. Hadi siku alipotazama, akatazama tena, akaja nje kwenye benchi letu, akanipa mkono wake. Niliushika. Wagonjwa wote walikuwa wanatutazama.

Nimerudi nyumbani. Usidhani hapo ndipo mambo huisha. Kidole kimebaki kimejikunja, miguu ni ganzi, nyusi hazikurudi. Mama alinipokea kwa machozi, lakini sahani yangu aliiweka peke yake kwenye rafu, na kigoda changu karibu na mlango. Hakukusudia ubaya. Mikono yake ilikuwa imezoea. Baba alikuwa akiona. Tulikaa hivyo msimu mzima.

Kiangazi hiki kilichopita, mchana mmoja, tulikuwa wawili tu uani tukipepeta mahindi. Mama alianza kujikuna dole gumba la mguu. Akalitazama, akalisogeza karibu na macho, akalisogeza mbali. Macho yake siku hizi si mazuri.

"Funza," akasema. "Amekwisha kutaga. Na simwoni."

Akatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu mwingine uani. Hakukuwa na mtu. Basi akachomoa pini kwenye nguo yake, akanipa, akageuka kwenye kigoda chake na kuuweka mguu wake mapajani mwangu.

Niliushika kwa mkono wa kushoto. Sikuhisi uzito wala joto lake, niliona tu kwamba ninaushika. Nikaanza kuchimba polepole, macho yangu yakiwa pale kwenye ncha, kwa sababu macho ndiyo niliyo nayo.

"Unaumia, Mama?"

"Naumia," akasema. Hakuuondoa mguu. "Toa tu, mwanangu. Toa."